Wagonjwa Wanapoikagua Kliniki Yao: Funzo Kutoka Dzaleka na Lilongwe

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo yaifaa sana huduma ya afya. Mganga mkuu aweza kufungua vitabu vya kliniki akaona dawa zimeandikwa, wagonjwa wamehesabiwa na saini zimewekwa, naye akaridhika kuwa mambo ni shwari. Lakini mama aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu majibu ya damu hayajafika, anajua jambo ambalo vitabu havilisemi.

Kulitoa jambo hilo moyoni mwa mama na kulifikisha kwa mwenye uwezo wa kulirekebisha ndiko kunakoitwa ufuatiliaji wa huduma unaoongozwa na jamii. Nchini Malawi, kama katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamejifunza kukusanya habari za kliniki zao kwa utaratibu, kuzihesabu na kuziweka mbele ya wenye madaraka. Kazi hiyo si kulalamika, wala si kumtafuta mchawi. Ni ukaguzi. Askari analielewa neno hilo kuliko watu wengi: bunduki hukaguliwa kabla ya safari, haingojwi mpaka ikatae kulia vitani.

MALAWI ILIVYOPAMBANA

Ili kuelewa kwa nini ukaguzi wa namna hii unahitajika, yafaa kwanza kukumbuka safari ya nchi yenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Malawi alitambuliwa mwaka 1985. Kwa takriban miaka ishirini iliyofuata, familia nyingi hazikuwa na la kufanya ila kuuguza na kuzika. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo katika hospitali zake. Mwaka 2011 Malawi ilitangulia mataifa yote kwa kuamua kwamba kila mama mjamzito au anayenyonyesha aliye na virusi apewe dawa kwa maisha yake yote, bila kungojea vipimo vya kuonyesha nguvu ya kinga ya mwili wake. Nchi nyingi ziliufuata mfano huo. Kuanzia mwaka 2016 utaratibu ukawa kwamba kila anayegundulika na virusi anaanza dawa, awe mgonjwa kitandani au mzima shambani.

Matunda yake yalionekana. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2020 na 2021 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 nchini, karibu 9 walikuwa na virusi. Kati ya kila 100 wenye virusi, 88 walikuwa wanajijua. Kati ya wanaojijua, karibu 98 katika 100 walikuwa wakitumia dawa. Na kati ya wanaotumia dawa, karibu 97 katika 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Yafaa ikumbukwe kuwa mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hata havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo kidonge kimoja kinachomezwa kila siku kinamlinda mmezaji, mwenzi wake na mtoto atakayezaliwa.

Hizo ni tarakimu za kujivunia. Hata hivyo, tarakimu za taifa ni kama picha iliyopigwa kutoka angani: huonyesha msitu, haionyeshi mti uliokauka. Wale wachache wanaoachwa nyuma hawakutawanyika sawasawa nchi nzima. Aghalabu wanakuwa mahali fulani, kwa sababu fulani. Kuwatafuta huko waliko ni kazi isiyoweza kufanywa na mtu aliyekaa ofisini peke yake.

MAHALI PAITWAPO DZALEKA

Kiasi cha kilometa 45 kaskazini ya Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza, na katika utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda wafungwa wa siasa walipelekwa huko. Jina lenyewe, kama linavyoelezwa na wengi, lina maana ya mtu asemaye kwa Kichewa kwamba ameacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Mwaka 2023 wakazi walikuwa wameshapita 50,000. Walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha ya Kiswahili husikika sokoni, makanisani na kwenye foleni za maji.

Kituo cha afya cha Dzaleka kinawahudumia wakimbizi hao pamoja na wanavijiji wa Malawi wanaoizunguka kambi. Hapo ndipo yanapojitokeza mambo ambayo kliniki ya mjini haiyajui sana.

La kwanza ni lugha. Kichewa na Kiswahili ni ndugu, na udugu huo waweza kumdanganya mtu. Mkongo anayesikia "madzi" anatambua kuwa ni maji, na moto wa Mchewa ni moto wa Mswahili. Lakini dawa ni "mankhwala", jana ni "dzulo", na "kamodzi patsiku" ni mara moja kwa siku. Mgonjwa anayeelewa nusu huitikia kwa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Katika maradhi ya kichwa au tumbo, nusu hiyo yaweza isilete madhara makubwa. Katika dawa ya kumezwa kila siku kwa maisha yote, hatari yake ni kubwa.

La pili ni kutokuwa na pa kwenda. Mwananchi wa Lilongwe asiyeridhika na kliniki moja aweza kujaribu nyingine. Jiji hilo lina Hospitali Kuu ya Kamuzu na Hospitali ya Bwaila, ambako taasisi ya Lighthouse imeendesha kliniki kubwa za tiba ya UKIMWI kwa miaka mingi. Mkimbizi hana uhuru huo. Sera ya Malawi humtaka akae kambini, na atokapo anahitaji kibali. Mwaka 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na wengi walirudishwa kwa nguvu. Kwa mgonjwa, amri kama hiyo ina maana ya kuhama kliniki kwa siku moja. Askari anayetekeleza zoezi la namna hiyo, akimruhusu mtu achukue pakiti yake ya vidonge na kadi yake ya kliniki, ameokoa uhai bila kuvunja amri yoyote.

La tatu ni tumbo. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa katika miaka ya karibuni kwa uhaba wa fedha za mashirika. Mwenye njaa hudhoofu, na wako wanaoogopa kumeza dawa tumboni mkiwa hamna kitu. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa "ameacha dawa". Jirani yake anajua kwamba aliyeacha kwanza ni chungu kuacha kuchemka.

KAZI INAVYOENDESHWA

Kwa sababu hizo, mahali kama Dzaleka ndipo ufuatiliaji wa jamii unapopimwa thamani yake. Usimamizi wake unahitaji nidhamu, na una hatua zinazofuatana.

Hatua ya kwanza ni elimu. Mtu hawezi kujua kuwa amenyimwa haki asiyoijua. Mgonjwa afundishwe kwanza anachostahili: kwamba dawa ni bure, kwamba aliyetulia katika dawa aweza kupewa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo mmoja, kwamba wingi wa virusi katika damu yake unapaswa kupimwa mara kwa mara, naye aambiwe majibu, kwamba mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi apimwe akiwa na umri wa wiki sita, na kwamba sheria ya Malawi ya mwaka 2018 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi hivyo.

Hatua ya pili ni kuchagua wakusanyaji wa habari. Wawe ni watu wanaotumia huduma hiyo wao wenyewe, wanaoaminika mtaani, wanaume kwa wanawake, na kambini wawe wa lugha mbalimbali. Wasiwe waajiriwa wa kliniki inayokaguliwa. Mwenye shamba hawezi kuwa shahidi wa mipaka ya shamba lake. Wala wasilipwe kwa kificho; posho yao ijulikane, la sivyo watasema yale ambayo mlipaji anataka kuyasikia.

Hatua ya tatu ni kukusanya. Maswali yawe machache, yawe yale yale kila baada ya miezi mitatu, na yapate majibu yanayoweza kuhesabika. Ulifika saa ngapi, ukaondoka saa ngapi? Ulipewa dawa za miezi mingapi? Je, katika miezi hii uliwahi kurudishwa bila dawa? Damu yako ilichukuliwa lini, na majibu ulipewa lini? Je, ulielezwa kwa lugha unayoielewa? Je, watu wengine waliweza kusikia yaliyosemwa? Mkusanyaji hukaa pia kwenye benchi na saa yake mkononi, akaangalia. Kisha huzungumza na wahudumu wenyewe, kwa maana nao wana kunguni zao: mwuguzi mmoja kuhudumia kazi ya watatu, mashine mbovu, au sampuli za damu kungojea pikipiki ya kuzipeleka maabara.

Hatua ya nne ni kuchambua, na ya tano ni kwenda mezani na wenye uamuzi. Hapo ndipo wengi hukosea njia. Lalamiko lolote lina mlango wake. Jambo la foleni humalizwa na mkuu wa kituo. Upungufu wa wauguzi hupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya ya Dowa. Ukosefu wa dawa au kemikali za maabara hufika Lilongwe, kwenye Wizara ya Afya na Tume ya Taifa ya UKIMWI, na wakati mwingine huvuka mipaka hadi kwa wafadhili, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hizo nchini Malawi imekuwa ikinunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia. Kumgombeza mwuguzi wa Dzaleka kwa kosa la bohari ni sawa na kumpiga tarishi kwa habari iliyo ndani ya barua.

Hatua ya sita husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo roho ya kazi yote. Ni kurudi kwa waliohojiwa na kuwaambia: mlisema haya, tuliyapeleka pale, tukajibiwa hivi. Mama aliyetoa nusu saa yake kujibu maswali, kisha asisikie lolote, hatajibu mara ya pili. Naye atakuwa na haki.

TARAKIMU ZINAPOONGEA

Tuchukue mfano wa kufikirika ili jambo lieleweke. Tuseme wagonjwa 60 wa kliniki moja wamehojiwa, na 40 kati yao wamesema wanangoja zaidi ya saa tatu. Msimamizi aliye mvivu atapiga kelele kwamba wahudumu ni wazembe. Msimamizi mwangalifu atauliza tena: wanangoja wapi? Akigundua kuwa 35 kati ya hao 40 wanakwama dirisha la kadi, na kwamba wote waliambiwa wafike saa moja asubuhi siku ile ile ya Jumatatu, ameshapata ugonjwa na dawa yake. Wagonjwa wakigawanywa katika siku na saa mbalimbali, na kadi zikatolewa kabatini jioni iliyotangulia, foleni itapungua bila kuajiri mtu wala kujenga chumba.

Baada ya miezi mitatu maswali yale yale yaulizwe tena. Ikiwa sasa wanaongoja saa tatu ni 15 badala ya 40, mkuu wa kituo apongezwe hadharani. Ukaguzi unaoona mabaya tu huwafanya watumishi wawe maadui, na adui hafungui kabati lake.

Tofauti ya lalamiko na ushahidi ndiyo hiyo. Mtu mmoja akisema majibu ya damu yanachelewa, ataambiwa avumilie. Watu 60 wakiwa na tarehe zao, suala linakuwa la ofisi. Mitandao ya wenye virusi nchini Malawi, kama vile MANET+ na ule wa waandishi wa habari wanaoishi na virusi uitwao JONEHA, imeijua nguvu hiyo. Kumekuwako pia mpango wa ufuatiliaji uliopewa jina la Kichewa Liu Lathu Mu Umoyo, ambalo Mswahili akilisikiliza kwa makini atahisi maana yake: sauti yetu katika afya.

SIRI NA FEDHA

Kuna mambo mawili yawezayo kuibomoa kazi hii yote.

La kwanza ni siri kuvuja. Katika kambi yenye nyumba zilizobanana, mtu akionekana anahojiwa na mkusanyaji wa habari za UKIMWI, mtaa mzima waweza kujua hali yake kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo jina lisiandikwe; iandikwe namba. Mahojiano yafanyike mahali pa faragha, na mgonjwa awe na hiari ya kukataa bila kuulizwa sababu. Karatasi zifungiwe kabatini, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana. Mkusanyaji anayetoa siri aondolewe siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini uamuzi wa kufichua ni wa mgonjwa mwenyewe.

La pili ni fedha. Kuanzia mwaka 2020 mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulizitaka nchi unazozisaidia ziwe na ufuatiliaji wa jamii, na ukatoa fedha. Hilo lilisaidia sana, ila liliifanya kazi nyingi isimame juu ya mguu mmoja. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuihakiki, na katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Nchini Malawi watumishi waliokuwa wakilipwa na miradi walipoteza kazi, wakiwamo washauri waliokuwa wakiwatafuta wagonjwa waliopotea.

Hapo pana kitendawili kigumu. Wahudumu wanapopungua, makosa huongezeka, na jicho la mgonjwa huhitajika zaidi. Lakini fedha zilizopungua ni zile zile zilizokuwa zikililipia jicho hilo. Ufumbuzi wake hauwezi kungojewa kutoka ng'ambo peke yake. Vituo vya afya vya Malawi vina kamati za ushauri zenye wajumbe kutoka vijijini. Kamati hizo zikipokea maswali machache yanayohesabika, zikampa mkimbizi na mwenye virusi nafasi ya kukaa ndani yake, sehemu ya kazi itaendelea kwa daftari na kalamu. Haitakuwa kubwa kama zamani. Lakini daftari moja linalojazwa kwa uaminifu lina thamani kuliko kompyuta kumi zilizozimwa.

KAMBINI NA NYUMBANI

Familia za askari na polisi hazipaswi kuyasoma haya kana kwamba ni ya watu wa mbali. Neno "kambi" ni moja. Anayeishi kwenye nyumba za jeshi au polisi naye mara nyingi ana zahanati moja, anafahamiana na kila aliye kwenye foleni, na aweza kuhamishwa kituo kwa taarifa ya siku chache. Tena yeye ana jambo moja ambalo mkimbizi hana: cheo. Askari wa chini hawezi kwa urahisi kumwambia mganga mwenye nyota mabegani kwamba dirisha la dawa linatangaza siri za watu. Swali lisilo na jina, likihesabiwa pamoja na majibu ya wenzake, linamwezesha kusema ukweli bila kuivunja heshima. Kamanda mwenye busara ataupokea ukweli huo kama anavyopokea taarifa ya doria: hamuulizi mleta habari cheo chake, anauliza kama habari ni sahihi.

Nyumbani nako kazi yaweza kuanza bila kungoja kamati. Baba au mama atenge daftari dogo lenye safu nne: tarehe ya kwenda kliniki, idadi ya vidonge vilivyotolewa, tarehe damu ilipochukuliwa, na tarehe majibu yalipopokewa. Kwa mtoto mchanga iongezwe tarehe ya kipimo cha wiki sita. Daftari liwekwe mahali wageni hawafiki. Amri ya uhamisho ikija, vidonge vihesabiwe kabla ya mizigo kufungwa, na barua ya kuhamisha matibabu iombwe mapema. Safu ya nne ikibaki tupu kwa miezi, mwenye daftari anacho cha kuuliza, na anazo tarehe za kuulizia.

Kliniki nzuri haiogopi maswali hayo. Mwuguzi anayeipenda kazi yake hufurahi kuonyeshwa mahali kamba inapokatika, maana yeye ndiye anayelaumiwa ndoo ikitumbukia kisimani. Na mgonjwa, awe Mkongo wa Dzaleka, fundi wa Lilongwe au mke wa koplo, haombi upendeleo anapouliza majibu ya damu yake yako wapi. Analala kwenye kitanda hicho kila usiku, na haki yake ni kuitwa kunguni wanapohesabiwa.